Kithembe changu kimehamia kwa binti yangu. Nimpeleke akakatwe ulimi ama nisubiri?

Makanga_wa_Bonde (mwenye uzi)

Wanajukwaa, salamu kutoka Nakuru.

Mimi nina kithembe tangu nianze kusema. Humu hamtakiona kwa sababu vidole havina kithembe, lakini mkipita steji mtanijua kabla hamjaniona. Huu ni mwaka wangu wa 11 nikiwa makanga laini ya Nakuru kwenda Kisumu. Hebu fikirieni mtu mwenye shida yangu akapata kazi ya kuita jina hilo kutwa nzima. "Kithumu, Kithumu, Kericho, Awathi, Ahero, Kithumu! Wawili tuondoke!"

Nilipoanza kazi nilikuwa nakwepa. Naita "Kericho, Ahero" peke yake. Abiria wa Kisumu wanatupita wakidhani gari linaishia njiani, dereva ananifokea, gari linajaa saa nane wakati wenzetu wameshafika Londiani. Siku moja nikasema potelea mbali, nikapaza sauti na kithembe changu chote. Watu walicheka, ndiyo, lakini walipanda. Sasa wako wateja wanaokuja steji kuuliza, "Gari la Kithumu liko wapi?" Nimezoea.

Ambalo sijazoea ni hili. Binti yangu ana miaka 5 na nusu, yuko PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Walikuwa wanajifunza shairi la siku ya wazazi, akaniimbia jioni: "Thithi watoto wa thathaa." Nilicheka, halafu kicheko kikanikwama. Wiki iliyofuata akarudi akilia. Mwalimu amemtoa mstari wa mbele, amemweka nyuma ashike maua na asifungue mdomo. Nilipoenda kuuliza nikaambiwa, kwa upole kabisa, mtoto "akafunguliwe ulimi". Mama mkwe naye anamjua nyanya mmoja huko kwao anayekata ule uzi ulio chini ya ulimi kwa wembe, dakika moja, shilingi mia mbili. Mke wangu hasemi ndiyo wala la. Ananitazama mimi.

Nauliza mambo matatu. Kithembe hurithiwa, ama mtoto amenisikia mimi akaiga? Kukata kunasaidia? Na nikisubiri, nitakuwa nimechelewa?

Mimi sikukatwa. Mimi nilichapwa. Darasa la nne mwalimu alinisimamisha mbele niseme "sisi sote" mpaka nipate. Sikupata. Nikaitwa Thithi hadi nilipomaliza la nane.

---

KijanaWaBondeni

Buda, kumbe ni wewe! Nimepanda gari lako mara tatu. Mwezi wa nane ulinirudishia chenji ukaniambia "thitini yako hiyo" nikadhani ni lugha ya kwenu.

Pole kwa mtoto lakini. Hiyo ya kushika maua imeniuma.

---

LughaSanifu

Nitasema ukweli hata kama hautapendwa. Kisembe ni kasoro na kasoro hurekebishwa. Siku hizi kila kitu mnaambiwa "mkubali alivyo". Mtoto atakua, atahojiwa kazi kwa simu, na huko hakuna wa kumwonea huruma. Mzazi anayependa mtoto wake humsahihisha mapema. Matamshi mabovu yamejaa Kenya nzima kwa sababu wazazi na walimu wamelegea.

---

KijanaWaBondeni

@LughaSanifu umeandika "kisembe". Hebu soma tena polepole.

---

LughaSanifu

Ni hitilafu ya kuandika.

---

Mwalimu_Chaki (Bungoma)

Mulembe nyote. Hiyo si hitilafu ya kuandika, ndugu yangu, umeandika unavyotamka. Na wala hauko peke yako. Nimefundisha Kiswahili miaka 31, na darasani kwangu "thelathini" ilikuwa "selasini", "dhahabu" ikawa "zahabu", na "thamani ya nyumba" ikawa "samani ya nyumba". Huyo wa mwisho alipata sifuri kwa haki kabisa, kwa maana samani ni viti na meza.

Sasa angalieni mchezo uliomo katika neno lenyewe. Kithembe. Lina th. Mwenye kithembe hulitamka barabara bila kujikaza. Sisi tunaomcheka ndio tunaosema kisembe.

Waliofanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, wanakumbuka maswali ya sauti katika karatasi ya pili. S ni kikwamizo cha ufizi. Th ni kikwamizo cha meno. Tulikariri tukaandika tukasahau, lakini shida yote ya binti huyu imo ndani ya mistari hiyo miwili. Ili s itoke, ncha ya ulimi hukaribia ufizi, kile kituta nyuma ya meno ya juu, na hewa hupita kwenye mfereji mwembamba katikati ya ulimi. Ulimi ukiteleza mbele kidogo tu, hata nusu sentimita, ukachungulia katikati ya meno, inatoka th. Ulimi mzima, akili nzima. Ni ulimi uliopitisha abiria steji yake.

---

Makanga_wa_Bonde

Mwalimu, umenikumbusha jambo. Yule aliyenichapa alikuwa akisema, "Huyu mtoto ana kisembe." Nikimjibu "kithembe" naongezwa kiboko cha ujeuri. Lilikuwa neno pekee darasani nililolijua kumshinda.

---

NyarDunga

Omera, nimecheka hadi samaki wakaungua.

Mimi sina kithembe ila nina langu. Dholuo haina sh wala haina z. Nimezaliwa hapa ziwani, nimesoma hapa, nimeolewa hapa, na sh hunijia nikijikumbusha tu. Nikikasirika inatoroka. Mwaka juzi kijana wangu alichaguliwa mbio za kaunti. Mwalimu wa darasa akapiga simu kuuliza mbona hayuko, nikamwambia "ameenda sindano". Mwalimu akasema pole, akamtakia nafuu. Jioni anakuja nyumbani na maziwa na mkate kumwona mgonjwa, anakuta mgonjwa anaruka kamba uani.

Shindano, sindano. Mniambie tofauti iko wapi.

Lakini mkitaka th na dh, njooni kwetu. Thum ni muziki, thuol ni nyoka, dhiang' ni ng'ombe, na jina la lugha yenyewe linaanza na dh. Mtoto wa Kijaluo husema "thelathini" na "dhambi" sawasawa na mtu wa Mombasa bila kufunzwa na yeyote. Kwa hiyo huyo binti wa Nakuru angezaliwa huku kwetu Dunga, nusu ya maneno yake yangepita bila mtu kugeuza shingo.

---

KijanaWaBondeni

NyarDunga hebu sema haraka: "Sasa shosho, shusha sahani sita za shaba."

---

NyarDunga

Sasa soso, susa sahani sita sa saba.

Sita sa saba! Sahani ziko ngapi sasa? Nenda huko.

---

Muuguzi_wa_Zamu

Nimetoka zamu ya usiku kwa hiyo mnisamehe nikiruka-ruka. Mwenye uzi, nakujibu wewe.

Kukata kwanza, maana hilo ndilo la hatari. Kuna watoto wanaozaliwa ule uzi wa chini ya ulimi ukiwa mfupi au umeshika mbele sana, na shida yake hujulikana mapema, mtoto akishindwa kunyonya vizuri. Hao huonwa na daktari. Sasa fikiria mwenyewe. Ulimi uliofungwa haufiki kwenye meno. Wa binti yako unafika na kupita. Ukimkata, unataka ufike wapi tena? Mwambie atoe ulimi nje, halafu alambe mdomo wa juu. Akiweza, hakuna kilichofungwa hapo. Na wembe wa yule nyanya, hata kama ni mpya, chini ya ulimi kuna mishipa ya damu. Nimepokea mtoto wa namna hiyo saa tisa usiku akiwa amefungiwa kitambaa mdomoni. Sitasimulia zaidi.

Hii iko fungu moja na ile ya kung'oa vijino vya watoto wachanga wakiharisha. Huku Magharibi na Nyanza bado ipo. Unakuta mtoto hana hata chonge, kwa sababu ufizi uliochimbwa ni ule wenye vichipukizi vya meno yanayokuja. Kuhara kunabaki palepale.

La pili, umri. Watoto wengi wadogo husema s kwa ulimi nje na wengi huacha wenyewe, kwa kawaida kufikia kama miaka 4 na nusu. Wako 5 na nusu. Hajachelewa, lakini si mapema mno kumwonyesha mtaalamu. Jua pia kwamba akifika 6 au 7 meno ya mbele yatang'oka, na hapo hata asiye na kithembe hupata cha muda.

Kuna kithembe kingine ambacho si th. Hewa hutokea kando ya ulimi, karibu na mashavu, s inasikika kama ina mate ndani. Hicho hakiishi chenyewe kwa urahisi. Ukisikia hicho, usingoje.

La tatu watu husahau kabisa. MASIKIO. S ni sauti nyembamba, ya juu sana, ni kati ya zile za kwanza kupotea mtoto akiwa na usikivu hafifu. Mtoto aliyeugua masikio mara kwa mara, yanayotoa usaha, anaweza kusikia "baba", "mama", "lala" vizuri akakosa s kabisa. Huwezi kusema usichokisikia. Kabla ya ulimi, peleka masikio. Hospitali ya rufaa hapo Nakuru, ile tuliyozoea kuiita PGH, wanaona masikio, pua na koo. Ukiwa na gari Kisumu, hospitali ya Jaramogi, ile watu huiita Russia, vilevile. Na uliza kituo cha EARC cha kaunti. Ni vya serikali, vimekuwepo tangu 1984, kazi yao ni kupima watoto wenye mahitaji ya aina hii ili shule ijue la kufanya. Watu hudhani ni vya wasioona na wasiosikia tu.

Kurithi au kuiga? Yote mawili hutokea, na hayakufanyi uwe na hatia. Usinyamaze nyumbani ukidhani unamlinda. Mtoto anayesemeshwa sana na baba mwenye kithembe yuko pazuri kuliko asiyesemeshwa.

---

Makanga_wa_Bonde

Hiyo sentensi ya mwisho. Nilikuwa nimeanza kunyamaza, muuguzi. Wiki mbili sasa namwitikia kwa kichwa.

Na masikio, ndiyo. Alipokuwa na miaka 3 sikio la kushoto lilikuwa likitoa usaha kila mvua zikianza.

---

Baba_Ligi

Mnamhangaisha mtoto bure. Wahispania wa Madrid taifa zima lina kithembe na wanachukua makombe. Msikilize mtangazaji wao: "Barthelona". Eti zamani mfalme wao alikuwa na kithembe, watumishi wakaiga wasimwaibishe, nchi nzima ikafuata.

---

Mwalimu_Chaki

Hadithi ya mfalme ni tamu lakini si kweli. Wangekuwa wanamwiga wangekosa s kabisa. Wanazo zote mbili: herufi z, na c ikifuatwa na e au i, huzitamka th, na s yao iko palepale. Ni lugha ilivyokua tu.

Ila umegusa penyewe bila kujua. Huko th ni herufi, hapa ni kasoro. Ulimi ni uleule.

---

Babu_wa_Asembo

Wanangu, mnaongea juu ya meno na hamkuyaona ya wazee wetu. Baba yangu aling'olewa meno sita ya chini akiwa kijana. Ilikuwa desturi, ndivyo mtu alivyojulikana kuwa Mjaluo. S ya baba ilitoka na mluzi kidogo, kama birika kabla halijachemka. Marika yake wote vivyo hivyo. Wakikaa chini ya mti kunywa, ilikuwa mluzi mtupu. Sikusikia hata siku moja mtu akisema mzee fulani ana shida ya kusema. Sisi watoto wenye meno yote ndio tulioambiwa tunasema kama wazungu.

---

MamaWatatu (Kakamega)

Sijawahi kuchangia humu lakini leo inabidi.

Kifungua mimba wangu alikatwa. Nilikuwa na miaka 20, sikujua kitu, shangazi alimchukua "kumwogesha" akarudi na mtoto ana damu kwenye shuka. Alikataa kunyonya siku mbili. Na kithembe akakipata vilevile! Cha pembeni, kile cha mate alichosema muuguzi. Akifika darasa la tatu alikuwa hataki kuitwa jina lake kwa sababu lina s mbili. Akiulizwa na wageni anataja jina la ukoo.

Tulipata mtaalamu wa matamshi Eldoret. Mara moja kwa mwezi, sababu ya nauli. Kazi yenyewe ilikuwa nyumbani, dakika tano asubuhi kabla ya shule mbele ya kioo, na nitawaambia tulivyofanya kwa sababu nami nilitamani mtu aniambie.

Hatukuanza na s. Tulianza na t, kwa sababu t alikuwa nayo nzuri. Meno yakutane, midomo icheke kidogo. T, t, t, t, t, haraka kama mvua kwenye mabati. Halafu ile ya mwisho unaivuta: t, t, t, tssss. Ikitoka safi unamwambia, "Hiyo! Umesikia?" Usimwambie "sema s", kwa sababu ukisema s ulimi unakumbuka njia yake ya zamani. Unaiita jina lingine. Sisi tuliiita gurudumu, la baiskeli likitoka upepo. Mrija pia tulitumia, unaushika mbele ya meno katikati, hewa ikipita kwenye mrija unaisikia, ikipita kando husikii kitu. Wiki kadhaa sauti peke yake. Halafu tsi, tsa, tsu. Halafu maneno mafupi, sita, sasa, kisu. Mazungumzo ya kawaida yalikuwa ya mwisho kabisa na ndiyo yaliyochukua muda.

Miezi 8. Leo yuko kidato cha pili na anasema jina lake lote. Akichoka sana kinarudi kidogo, na huwa simwambii.

---

LughaSanifu

Haya ndiyo niliyokuwa nasema tangu mwanzo: inawezekana kurekebisha.

---

MamaWatatu

Hukusema hivyo. Ulisema wazazi wamelegea.

---

Mwanafunzi_Njoro

Mimi ni Mbukusu, k na g, p na b zinanisumbua. Nilimwambia mpenzi wangu "nakuja na pasi ya saa mbili", akanisubiri na nguo zenye mikunjo. Hii nayo ni kithembe? Mtaalamu anaweza kuitoa?

---

Mwalimu_Chaki

Hapana, kijana wangu, usichanganye. Kithembe kiko kwenye ulimi wa mtu mmoja, na atakuwa nacho katika lugha zote anazosema. Lako ni lafudhi, umelipata kwa watu wako wote pamoja, na katika Lubukusu hakuna anayelisikia kuwa kosa. Papa kwetu ni baba na hakuna aliyewahi kumpeleka mtoto hospitali kwa kusema papa. Wakalenjin nao hawatenganishi p na b, k na g kwa namna Kiswahili kinavyotenganisha. Wakikuyu wana vita vyao na l na r, ndiyo maana kila miaka mitano huko Bonde la Ufa wako wanaokwenda "kupiga kula".

Sisemi yaachwe yote. Nimewafundisha watoto kutenganisha bata na pata, gamba na kamba, kalamu na karamu, na nimefanya hivyo kwa michezo: wale wari wa Liwali hawali wali wa Liwali. Anayesoma habari redioni anapaswa kuyajua. Lakini mtoto unayemfundisha kucheza na sauti si sawa na unayemnyamazisha mbele ya wenzake. Nimeyafanya yote mawili. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nachapa. Nilidhani ni kazi.

---

Kimya_Mingi

Mimi nilisoma tu uzi huu sikutaka kuandika.

Katika Biblia, Waamuzi 12, kuna watu walisimamishwa kwenye vivuko vya Yordani wakaambiwa waseme "Shibolethi". Aliyesema "Sibolethi" aliuawa. Elfu 42. Tulipofundishwa Jumapili tulicheka, kwa sababu mchungaji mwenyewe alisema Sibolethi mara zote mbili.

Januari 2008, wakati wa vita vya baada ya uchaguzi, niliishi Nakuru. Nilikuwa na umri wa miaka 16. Mama alituambia tukiwa njiani tusizungumze, hata Kiswahili, hasa Kiswahili. Tulitembea kutoka mtaani hadi uwanja wa maonyesho, ndugu yangu mdogo amefungwa mdomo kwa leso kama anaumwa jino. Alikuwa na miaka 6 na shamba kwake ilikuwa samba.

Basi. Nikiona mtoto anaambiwa ashike maua asifungue mdomo narudi pale.

---

NyarDunga

Pole sana, ndugu yangu.

---

Babu_wa_Asembo

Pole, mwanangu.

---

LughaSanifu

@Kimya_Mingi pole. Sikuwa nimelifikiria upande huo.

Na @Makanga_wa_Bonde, sikukusudia kukuumiza. Mimi nilisomea mbali na kwetu, nilichekwa "selasini" hadi mwaka wa pili wa chuo. Nilijifunza kwa nguvu, nikaanza kuwawinda wengine. Hiyo "kisembe" imenirudisha nyumbani.

---

KijanaWaBondeni

Admini bandika huu uzi juu. Na yule mwenye maswali ya kokoto aliyenitumia ujumbe pembeni: ndiyo, Demosthenes wa Ugiriki inasemekana alikuwa akihutubia akiwa na kokoto mdomoni ili anyooshe matamshi. Alikuwa mtu mzima. USIMPE MTOTO KOKOTO.

---

Muuguzi_wa_Zamu

Asante kwa kusema hilo kabla yangu.

---

Makanga_wa_Bonde (mwenye uzi) – wiki 7 baadaye

Naleta majibu kama nilivyoahidi wale mlionitumia ujumbe.

Masikio kwanza. La kulia liko sawa. La kushoto lilikuwa na maji nyuma ya ngoma, hajui kama halisikii vizuri kwa sababu ndivyo alivyozoea. Yuko kwenye matibabu, tunarudi mwezi ujao kupimwa tena. Siku hiyo daktari alimwambia atoe ulimi. Aliutoa mpaka ukagusa kidevu. Daktari akamgeukia mama mkwe (nilimleta makusudi) akasema, "Mama, huu wa kukatwa uko wapi?" Mama mkwe alisema yeye alikuwa amesikia tu kwa watu.

Mtaalamu wa matamshi tumepangiwa, foleni ni ndefu. Wakati tukingoja tunafanya mvua ya mabati, ya MamaWatatu. Yeye anaiita "mvua ya Thalgaa", kwa sababu mvua hutukuta hapo kila mara nikimbeba kwenda kwa nyanyake. Mbele ya kioo tunakaa wawili, mimi na yeye, kwa kuwa hakukubali kufanya peke yake. T, t, t, tsss. Yake imeanza kutoka safi, moja katika tano hivi. Yangu haikutoka wiki tatu.

Shuleni nilimpelekea mwalimu barua ya daktari. Sitaki kumsema vibaya, ni msichana mdogo ana watoto 50 darasani, na naona hakuna aliyewahi kumwambia lolote kuhusu mambo haya. Alisoma barua mara mbili. Siku ya wazazi binti alisimama mstari wa mbele akasema "Thithi watoto wa thathaa" kwa sauti ambayo mtu angeisikia Gilgil, na wazazi wawili watatu walicheka, na yeye akawacheka pia kwa sababu alidhani shairi limewafurahisha.

Sasa langu. Wiki jana, asubuhi steji, hakuna mtu, nikajaribu. Tssss. Ki-ssu-mu. Ikatoka! Nikarudia, ikatoka tena. Nina miaka 38. Nikasema leo watanijua, nikasimama mlangoni nikaita safi kama mtangazaji: "Kisumu, Kisumu, Kericho, Awasi, Kisumu!"

Abiria wangu wa kila wiki, mama wa mitumba anayeshukia Kibuye, akapita moja kwa moja akaenda gari la pili. Nikamkimbilia. Akaniambia, "Nilidhani leo hujaja."

Dereva akashusha kioo akauliza ni nani huyo anaita.

---

NyarDunga

😂😂😂 Wacha niongeze mafuta kwenye sufuria. Sasa nisaidie, nina mgeni anatoka huko Jumamosi na mzigo. Gari la kwanza linaondoka saa ngapi?

---

Makanga_wa_Bonde

Thaa kumi na moja na nuthu alfajiri. Athichelewe.